Bango la Akiba

Karakana ya Mabango,
Nyuma ya duka la viatu,
Jumapili, 14 Septemba.

Mpendwa Dada,

Pokea salamu za Mama kwanza, maana ameagiza zitangulie zangu. Mgongo wako unaendeleaje na hizo zamu za wodini? Shemeji ameacha kukohoa? Na wapwa zangu bado wanarefuka, au wameona inatosha? Sisi huku tu wazima, isipokuwa magoti ya Mama na kichwa changu. Kichwa ndicho kinachoandika, kwa hiyo nivumilie.

Uliponipigia simu mwezi uliopita nilikuambia Mama hajambo. Sikusema uongo, nilisema nusu. Siku hizi anapanda zile ngazi tatu za mlangoni kwa kukaa kitako na kujivuta kinyumenyume, na ukimkuta hapo anakuambia anatafuta kifungo. Daktari wa mifupa amemwambia wazi kwamba magoti yale yanataka maji. Aogelee mara tatu kwa wiki, la sivyo mwakani tutazungumza habari za kiti cha magurudumu. Na bwawa la mjini limefungwa kwa matengenezo tangu mvua zilizopita. Ukichungulia uzioni utawaona mafundi wamelala kwenye sakafu yake.

Basi nikasema nitamtafutia ziwa. Dada, nilidhani ziwa ni ziwa tu, lina maji na mtu anaingia. Kumbe sikujua lolote.

La kwanza, karibu na kiwanda cha matofali, wanaruhusu, ila kwa wanachama wa klabu tu. Mlinzi akanielekeza kwa katibu. Katibu ni yeye mwenyewe mlinzi, lakini siku ya Alhamisi, na siku ile ilikuwa Jumanne. La pili ruksa kupiga makasia. Ukianguka majini si kosa, ukiingia kwa hiari yako ni kosa. Nilimuuliza mhudumu mara mbili kama nimeelewa, akasema, "Umeelewa, mzee. Mimi ndiye sijaelewa, na nina miaka sita hapa." La tatu lina bango la marufuku, na chini ya bango palikuwa na watu kama thelathini wanaogelea. Mmoja akaniambia bango ni la wageni. Nilirudi nyumbani nikamwambia wifi yako sijui tena kama maji ni ya Mungu au ya nani.

Likabaki lile la nyuma ya kituo cha pampu, ambako zamani Mama alikuwa akienda kila Jumamosi. Nililiacha la mwisho kwa sababu bango lake la KUOGELEA MARUFUKU linaonekana toka barabarani, nami sikuwahi hata kushuka kulisogelea. Nikaenda ofisi ya maji kuomba angalau ruhusa maalumu. Karani akafungua faili, akafungua la pili, akanitazama juu ya miwani. Ziwa lile halijapigwa marufuku hata siku moja. Wao waliagiza mabango kumi na mawili kwa maziwa kumi na mawili, na lile halimo.

Nikaondoka pale nikiwa sijui kushoto wala kulia. Nikaenda hadi chini ya bango lenyewe, nikalitazama. Dada, ni mkono wangu. Ile K yenye mguu mrefu aliyonifundisha marehemu Baba, hakuna mwingine hapa mjini anayeiandika hivyo.

Unajua desturi yetu ya karakana. Mteja akiagiza kumi na mawili unachora kumi na matatu, kwa kuwa moja halikosi kukwaruzwa njiani. La akiba linarudi na gari. Mwaka ule tulipowachorea ofisi ya maji, halikurudi. Bila shaka dereva alikuta limebaki zima, na yeye ni mtu asiyependa kurudi na mzigo, akalipigilia kwenye maji ya kwanza aliyoyakuta njiani. Miaka tisa!

Nilikimbia kwa Mama nikidhani atacheka mpaka alie. Hakucheka. Alisema, "Nililijua siku ileile. K hiyo nimeishi nayo miaka arobaini. Nikajua wanangu mmeshauriana."

Unaukumbuka mwaka ule? Misuli ilimkaza katikati ya ziwa, watu wa mtumbwi wakamtoa. Ukapiga simu unalia, ukamwambia Mama, sasa basi. Nami nilikuwa nimekaa kando yake, nikasema Dada kasema kweli. Mwezi haukupita, bango likasimama. Akakunja nguo zake za kuogelea, akawaambia majirani kwamba maji yamekuwa baridi. Hakutuuliza hata neno moja. Nimeona aibu ambayo sijawahi kuiona tangu nizaliwe.

Hapa ndipo ninapochanganyikiwa kabisa. Nimemwapia kwamba lilikuwa la akiba, na ni kweli. Lakini kila mzigo ukiondoka huwa namwambia dereva la akiba lirudi. Mwaka ule nilimwambia? Sikumbuki. Nilikuwa na hofu juu ya Mama, na nikijaribu kukumbuka naona tu gari likikata kona. Labda nilisahau. Labda nilinyamaza. Nashika brashi naiweka chini, wateja wameanza kuninong'ona.

Ofisi wanasema hawawezi kung'oa bango wasiloliweka, na mimi siwezi kung'oa bila kibali, na kibali hupewa mwenye bango mwenye karatasi za bango. Nikavaa ovaroli, nikachukua spana na ngazi, nikaling'oa mchana kweupe. Askari alipita akanipa pole ya kazi.

Jana nikampeleka Mama. Aliingia mpaka vifundoni, kanishika bega, akasimama kitambo. Kisha akageuka. Akaniambia mimi nimeng'oa langu, lakini wewe bado. Haingii mpaka wewe useme aingie, na hataki kwa simu, kwa sababu kwenye simu utalia, ataanza kukubembeleza wewe, na neno litapotea. Anataka umwandikie.

Sijui hata nikuombeje. Wewe ni muuguzi, unaujua moyo wa mtu wa miaka sabini na moja kuliko mimi. Kama kuna hatari sema, nitamwambia mwenyewe na lawama nitazibeba. Lakini kama ni hofu tu, Dada, hofu ninayo hata mimi, na ndiyo iliyomfikisha kwenye kupanda ngazi kwa makalio. Mistari miwili inatosha.

Wifi yako anakusalimu, na Baba Mdogo, ambaye bado anakudai picha. Mkumbatie shemeji na watoto kwa niaba yetu. Mungu akupe usingizi mzuri baada ya kila zamu, na akuweke salama mpaka tuonane.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye hata ukinikasirikia,
Brashi.

Nyongeza: Mama amepita hapa, ameuliza namwandikia nani. Anasema nikuambie atakaa pembeni, maji hayatapita kifua, na ukisema atoke atatoka.