Mawese ya Kidahwe Hayaji Huko

Mdogo wangu,

Salamu nimeziweka kando. Nikizianza nitakudanganya kwamba huku sote wazima.

Unakumbuka tulivyokuwa tukiengua mawese na marehemu baba pale Kidahwe? Wewe huengui, unacheza. Ulijaza maji na mafuta kwenye chupa ya soda, ukaitikisa mpaka mkono ukafa ganzi. Ulipoiweka chini tu, mafuta hayo yakapanda juu. Ukalia! Mimi nikakucheka. Baba akasema, "Mwacheni, huyu atakuja kuyapatanisha." Akakujazia tena, na mafuta yenyewe yalikuwa ya kuuza.

Haya, umeyapatanisha. Ulinipigia simu ukicheka, kutoka maabara huko uliko: una chembe ndogo kuliko vumbi, umezivisha protini ya maziwa, zinalizunguka kila tone la mafuta lisiungane na jingine. Maji na mafuta vinatulia pamoja, vizito kama uji. Nilikuelewa, usidhani sikukuelewa.

Lakini ulipiga lini? Baba yuko mochwari, ukoo mzima unakungoja wewe, mwanawe pekee wa kiume, utupe udongo wa kwanza. Ukasema jaribio limefika pabaya, ukiliacha litaharibika. "Nisubirini kidogo, dada." Tukasubiri. Baba mdogo anatuliza watu, "Yuko njiani." Njia gani? Mwishowe udongo niliutupa mimi, wazee wakaangalia pembeni. Aibu ilikuwa yako, nikaibeba mimi.

Jana umeleta ujumbe, hata pole hamna: eti mafuta ya huko yamesafishwa mno, unataka mawese mekundu ya michikichi ya baba, nikutumie dumu. Loo! Una macho makavu, wewe. Nimekasirika, na kinachoniuma zaidi ni kwamba bado nakupenda.

Dumu halitoki. Chikichi zimeiva, zinaanguka na kuoza, baba mdogo hawezi tena kupanda. Ukizitaka, njoo upande mwenyewe. Anza na mchikichi ule ulio karibu na kaburi, ndipo mama anaposhinda siku hizi. Akikuona atajua umekuja kumlilia baba. Mwache ajue hivyo. Mimi sitamwambia kwamba ulifuata mafuta.

Ni mimi dada yako,
Katubuka