Vipimo Havitoshi

Shoga, ndiyo kwanza natoka kwenye usaili wa kituo cha hali ya hewa. Nimekaa ngazini.

Si ulisema nitoe mifano ya nyumbani, nisionekane fundi cherehani aliyekariri vitabu? Asante sana kwa ushauri wako!

Mwenyekiti kaniuliza, "Hali ya hewa na tabianchi zina tofauti gani?"

Nikajibu polepole, unanijua. "Hali ya hewa ni ya leo au kesho. Tabianchi ni wastani wa miaka mingi, kwa kawaida thelathini. Mtu akinuna asubuhi moja, hiyo ni hali ya hewa. Akinuna miaka thelathini, hiyo ni tabianchi."

Katibu akainama chini ya meza kuokota kalamu ambayo haikuanguka. Mabega yanamtikisika.

Ndipo nikamtazama mwenyekiti vizuri. Shoga, uso ule! Ndita mpaka masikioni.

Akasema, "Na mimi je, binti? Ni hali ya hewa au tabianchi?"

Na mimi je, binti! Nikaona miaka yangu tisa ya kupima mvua kwa kopo uani inapotea hivi hivi. Nikasema ukweli tu: "Mzee, nimekuona kwa dakika kumi na moja. Vipimo havitoshi."

Akanitazama weee. Kisha akamwambia katibu, "Mpe fomu za kazi. Aanze kunipima Jumatatu."

Hakutabasamu hata kidogo, shoga. Hata kidogo!

Katibu kanisindikiza mpaka mlangoni, akaninong'oneza: "Una bahati, dada. Leo kaamka vizuri."