Kidole Kisichoonekana

Jumatatu, 3 Machi 2025
Mashine zimefika! Hoteli yetu ya nyota tano imepata pesa za serikali za kuingia dijitali. Meneja Gedion alitukusanya, akatuambia funguo zinakwisha. Milango itafunguliwa kwa kidole. Kuripoti kazini, kidole. Asiyekuwa kwenye mtambo hahesabiwi kuwa mfanyakazi. Kesho tunaandikishwa.

Vidole vyangu vyeusi tii — utomvu wa majani chai. Alfajiri huwa nachuma kwetu Kianjokoma kabla ya kuja. Jioni hii nimevisugua kwa ndimu na stilwaya ya kusugulia sufuria mpaka vikawaka moto. Sitaki kuaibika mbele ya watu wa mashine kutoka Nairobi.

Jumanne, 4 Machi
Mashine imenikataa. Linda, binti wa mitambo, alinishika mkono kwa upole akajaribu kidole kimoja kimoja. Taa nyekundu mara kumi. Akauliza kama natumia dawa kali. Nikasema niko dobi mwaka wa kumi na nne, dawa ya kung'arisha shuka kila siku. Stilwaya sikuitaja. Alama zimelika, akasema, nipumzishe mikono wiki mbili. Halafu nani afue?

Cicily, mwenzangu wa dobi, aliweka kidole mara moja tu. Kijani.

Alhamisi, 6 Machi
Nimelala na mafuta mikononi, soksi juu. Nyekundu. Jina langu limo, kidole hakimo, kwa hiyo skrini inasema sijafika kazini tangu Jumanne. Na shuka za ghorofa mbili nimefua mimi!

Jumapili, 9 Machi
Kanisani tumeshukuru kwa maendeleo ya hoteli. Nami nikasema amina. Ningesema nini?

Jumatatu, 10 Machi
Mtambo umenitoa wenyewe. Siku tano bila kuonekana, basi. Gedion si mtu mbaya, tunaimba kwaya moja. Alinigeuzia skrini nijionee: hakuna pa kubonyeza ili nirudishwe. Nimeendelea kufua tu. Nyumbani sijasema.

Ijumaa, 14 Machi
Naandika nikiwa stoo ya shuka. Wakaguzi wa ule mradi wa serikali wa dijitali wamekuja. Gedion alinijia mbio asubuhi.

"Mama Njue, kaa huku ndani mpaka waende. Wakipata watu hawalingani na system, pesa inarudishwa. Jumatatu tutaona vile tutakusaidia."

Nikakubali. Ningekataa vipi? Cicily alinifungulia kwa kidole chake, mlango ukajifunga. Akasema atarudi.

Saa tano. Wako chumba cha pili, nawasikia. Mama mmoja amesifu taulo — zile nilizozikunja kama bata leo asubuhi. Akauliza ni nani mwenye mkono mzuri hivyo.

"Siku hizi karibu kila kitu ni system, madam," Gedion akajibu.

Wakacheka. Nimeumia. Nimeumia sana, na nikaziba mdomo kwa foronya nisisikike.

Saa saba. Kimya. Nimesikia Cicily akiitwa apande gari lao, aende Meru kuonyesha hoteli nyingine vile mtambo unafanya kazi. Akajaribu kusema kuna kitu amesahau stoo. Wakamwambia atakipata kesho.

Saa tisa. Sauti zimerudi koridoni, sijui ni za nani. Labda wakaguzi wengine walibaki. Nimeweka kidole mlangoni. Nyekundu. Kingine. Nyekundu.

Nabisha — polepole, wasije wakasikia.