Nilimwita Mume Wangu Mwongo kwa Sababu ya Joto la Nyumba

Shikamoo Bi Naseem,

Mimi ni msomaji wako wa Rexdale, naitwa Anastasia, jina ukitaka lifiche na ukitaka liandike, maana aibu niliyo nayo imeshapita hapo. Nakuomba kitu kimoja tu, unisikilize mpaka mwisho kabla hujanigombeza.

Bi Naseem, mimi nimezaliwa Njombe, kule kwenye ukungu, asubuhi unatoka nje na sweta na ukipumua moshi unatoka mdomoni, na mume wangu Festus ni mtu wa Lindi, ambako watu wanalala na shuka moja na bado wanalalamika, tukakutana hapa Toronto kanisani, tukafunga ndoa mwaka 2009, na kwa kweli tulipendana na bado nampenda, ila tangu tuingie kwenye hii fleti ya ghorofa ya kumi na moja ugomvi wetu ni mmoja tu, joto. Yeye anataka digrii ishirini na saba mwaka mzima, mimi nataka kumi na nane. Koridoni kuna themostati ukutani, kile kidude cha duara chenye mshale, mimi nikipita nashusha, yeye akipita anapandisha, mwanzoni tulikuwa tunacheka, baadaye kicheko kikaisha.

Jumamosi za winta alikuwa anavua shati anajilaza kwenye zulia karibu na redieta ya kupashia chumba joto, nje theluji inaanguka bila sauti, anafumba macho ananiambia, "Ana, njoo ulale hapa, sikiliza, mchana wa Lindi huu, hata kuku wamejificha kivulini," na mimi nikilala pale dakika mbili nawasikia kweli hao kuku, kisha jasho linanishinda naenda kuweka shavu kwenye kioo cha dirisha, na kioo kile baridi yake ni ya Njombe kabisa, nikifumba macho na mimi naona mashamba ya chai yamefunikwa na ukungu na mama anawasha moto jikoni, basi tunakaa hivyo, kila mtu yuko kwao, na chumba ni kimoja.

Ugomvi ulipozidi tukawaita wasimamizi wetu wa ndoa, Mzee Onesphore na mkewe Mama Médiatrice, Warundi wanaoishi mtaa wa Mount Dennis, watu wa heshima zao, ndio waliosimama nasi madhabahuni na ndio wanaotuamua kila tukikorofishana. Wakala wali, wakasikiliza, Mzee akatoa uamuzi, winta ishirini na moja, kiangazi kiyoyozi cha dirishani kiwe ishirini na nne, na kile kidude cha ukutani asikiguse mtu, atakayekigusa amewadharau wao. Wote tukaitikia.

Mimi nilikigusa. Festus akitoka tu kwenda zamu ya asubuhi nakishusha mpaka kumi na nane, nakaa na chai yangu, na nakuapia nilikuwa nausikia ubaridi unaingia taratibu kama mgeni anayevua viatu mlangoni, halafu kabla hajarudi naurudisha mshale ishirini na moja. Lakini kuna siku mimi ndiye ninayerudi wa mwisho, nakuta fleti inawaka moto na mshale uko pale pale, nikasema huyu anafanya kama mimi, anapandisha halafu akisikia ufunguo wangu anarudisha. Januari hii nikawaita tena wasimamizi, nikamshtaki. Festus akasema, "Sijakigusa tangu siku ile. Naapa kwa kaburi la mama." Bi Naseem, mama yake alifariki mwaka juzi na hakwenda kumzika kwa sababu karatasi zake za huku zilikuwa hazijatoka. Na mimi, mbele ya wazee wale, nikamwambia, "Mwongo mkubwa wewe, hata marehemu unamtumia kufichia uongo wako?"

Festus akasema, "Basi, ni mimi. Nisameheni."

Tangu siku hiyo halali tena kwenye zulia, anakaa na shati limefungwa vifungo mpaka shingoni, na akipita koridoni anatia mikono yote miwili mfukoni ili nimwone. Ameniambia mwisho wa Machi anahamia Malvern, upande wa pili wa mji, kwa mwenzake wa kazini, "kwa muda tu Ana, upate baridi yako kwa raha."

Sasa wiki iliyopita alikuja fundi wa jengo kupaka rangi koridoni, Festus yuko kazini, fundi akafungua skrubu akakitoa kile kidude akanipa nimshikie. Kilikuwa chepesi mno. Nyuma yake hapakuwa na waya hata mmoja, ni ukuta mtupu. Namuuliza waya ziko wapi, anacheka, anasema mama, hiki kilikatwa miaka mingi kabla hamjahamia, joto la jengo zima linatoka kwenye boila huko chini, hiki tumekiacha kizibe tundu. Nilikaa chini pale pale, juu ya magazeti yenye rangi mbichi.

Fundi alipomaliza kupaka alikirudisha ukutani, na Festus hajui. Nimefikiria hivi, nisimwambie kitu, nisimame mbele yake niuzungushe mshale mpaka ishirini na saba, nimwambie mume wangu nimekuachia, chukua Lindi yako, na najua joto atalisikia, maana mimi ubaridi niliusikia, atafungua vifungo vya shati, atabaki. Nifanye hivyo? Au nimwambie ukweli aondoke ananichukia? Zimebaki siku kumi na mbili.

Anastasia, Rexdale


BI NASEEM ANAJIBU

Marahaba, Anastasia. Nimekusikiliza mpaka mwisho kama ulivyoomba. Sasa kaa vizuri, maana kukugombeza nitakugombeza.

Wewe ndiye uliyekuwa unauchezea mshale na kuurudisha, ukaona haiwezekani mwenzio asifanye vivyo hivyo. Kosa lako ukamvisha yeye. Na yeye unajua kwa nini alikubali? Si kwa sababu alishindwa na hoja zako. Jina la mama yake lilikuwa linaburutwa sebuleni mbele ya watu, akaona bora aitwe mwongo yeye, mama aachwe alale. Mwanaume huyo unataka kumpa zawadi ya kidude kisicho na waya? Ebo! Umemsingizia mara moja, sasa unataka umdanganye na uitwe mke mwema juu yake. Hapana, mwanangu. Hilo liache kabisa.

Na hao wasimamizi wenu nawaheshimu, lakini watu wazima wanne mmekaa kikao mara mbili kuhusu ukuta, na hakuna hata mmoja aliyekwenda kushika redieta aone kama inaufuata huo mshale!

Ubaridi uliousikia nakuamini. Marehemu mume wangu Abdulsultan, mtu wa Mwanza, alikuwa anataka ishirini na tano, mimi ishirini, tumezozana miaka thelathini. Sasa nyumba yangu ni ishirini, hakuna anayenibishia. Kuna alasiri, theluji ikianguka, naipandisha mwenyewe mpaka ishirini na tano, nakaa kwenye kiti chake nasinzia, na nikiwa katikati ya usingizi namsikia ananiambia, Naseem, sasa ndiyo nyumba. Kwa hiyo usidhani nakucheka.

Fanya hivi. Leo hii mpigie simu Mama Médiatrice, waje Jumamosi. Usimweleze kitu kwenye simu. Wakishakaa, kabla ya chakula, uanze na msamaha, habari za boila ziwe baadaye, maana ukianza na boila utaonekana unajitetea. Mtaje mama mkwe wako kwa jina lake. Sema, "Nilimkosea marehemu, na nilimkosea mwanawe, aliapa kweli." Ulimtupia maneno yale mbele ya watu, yarudishe mbele ya watu hao hao. Kisha ungama kumi na nane yako, yote, pamoja na chai. Ndipo uchukue bisibisi, ukifungue kile kidude, umwekee Festus mkononi ajionee mwenyewe. Asipocheka usimlazimishe acheke.

La joto lenyewe ni dogo. Kama boila linawapikeni, andikeni barua kwa uongozi wa jengo, wote wawili mtie sahihi. Upande wako wa kitanda uwe wa dirishani, dirisha ulifungue kidole kimoja, yeye awe upande wa redieta na blanketi lake zito, wewe shuka lako jepesi. Kiangazi ile ishirini na nne ya Mzee iacheni ilivyo, ni uamuzi mzuri, na wewe jiwekee feni. Na Jumamosi za theluji ukalale kwenye zulia zaidi ya dakika mbili. Jasho halijamuua mtu.

Anaweza kuondoka hata hivyo. Ni haki yake, na usimzuie kwa machozi, mfungie nguo zake vizuri na umpigie simu kila siku. Ila sidhani. Mtu anayetia mikono mfukoni ili mkewe asimshuku bado anataka kuaminiwa na mke huyo.

Wageni wakishaondoka, simama naye koridoni, hapo penye ukuta mtupu. Usiseme mengi. Mwambie, "Festus, toa mikono mfukoni."