Mkate wa Duara Uliokwenda Louisville

Jumanne, 3 Novemba 2015

Unga umekataa tena kuumuka. Maziwa yalikuwa ya moto mno, nimeua hamira. Bibi Ingrid alinionya: yawe vuguvugu, kama maji ya kumwogeshea mtoto. Haraka zangu. Nimemwaga, nimeanza upya.

Bibi Ingrid ndiye mzee ninayemtunza kule Westerville. Wazazi wake walitoka Uswidi. Mikono yake inatetemeka, hawezi tena kukanda, kwa hiyo yeye anaketi na kuamuru, mimi nakanda. Nikirudi kwangu hapa Northland najaribu peke yangu. Ni mkate mtamu wa iliki. Unasukwa mikia mitatu, halafu unakunjwa duara. Kusuka najua, namsuka binti yangu Neema tangu hajaota meno yote. Kuunganisha ncha ndiyo kazi. Tanuri linazifumua.

Neema amekula kipande kilichoungua. "It's good, Mama," macho kwenye simu. Sijui kama ni kizuri au anataka tu nimwache.

Alhamisi, 5 Novemba

Mzee Yohana wa kanisani alipita jioni kuulizia jibu. Nimemwambia aje Jumapili baada ya ibada.

Jibu lenyewe ninalo: hapana. Mpwa wake Samweli, yule mjane wa Louisville, anataka kunioa. Nimemwona mara chache, alipokuja huku kwenye harusi. Alitengeneza hita ya gari langu bila kuombwa, akaniuliza kama watu wa ziwani tunakula samaki kila siku. Basi. Si mtu mbaya. Sina kasoro hata moja ya kumtaja, na hiyo ndiyo shida, maana Mzee Yohana atauliza sababu.

Sababu ni ipi? Neema bado shule. Mimi nimeshazika mume mmoja. Nimezoea kulala katikati ya kitanda. Hizo ni sababu? Sijui. Ninachojua ni kwamba sitaki kuhamia Louisville.

Lakini kwetu ziwani humkatalii mtu mikono mitupu. Ukimnyima neno, mpe kitu. Mama yangu alimkatalia mtu shamba akamtumia kuku, na waliendelea kusalimiana mpaka vita ilipotutawanya. Kwaya inakwenda kuimba Louisville Jumamosi. Nitatuma mkate utangulie, hapana ifuate kwa mdomo wa Mzee Yohana. Angalau kinywa kitakuwa na utamu kabla ya uchungu.

Jumamosi, 7 Novemba

Nimeoka alfajiri. Mara hii hamira imenisikiliza. Ncha nimezifinya, nikazificha chini, juu nikapaka yai na kunyunyiza sukari ya chenga. Umetoka mzima. Mzuri mpaka nikasikitika kuutoa. Sijawahi kuoka mzuri hivi. Nilitaka kuukata vipande upakike vizuri, nikakumbuka Bibi Ingrid anavyofoka: duara haliguswi kisu mpaka lifike mezani kwa mwenye kula, ukilikata njiani linakauka. Nikaufunga mzima.

Mama Shukuru wa kwaya ameuchukua. Aliuliza wa nani. Nikasema wa nyumbani kwa kina Samweli, asante ya hita. Akanitazama kwa jicho la pembeni. Huyo naye haachi umbea.

Nimemaliza. Kesho nasema hapana, naendelea na maisha yangu.

Jumapili, 8 Novemba

Sielewi. Sielewi hata kidogo.

Nimeingia kanisani, akina mama wamenipigia vigelegele. Mimi! Nikageuka nyuma kutazama nani anaingia. Mama Shukuru amenikumbatia mpaka kilemba kimeniporomoka. Anasema mama yake Samweli alipofungua ule mkate alipiga magoti jikoni. Anasema walicheza. Wazee kwa vijana, walicheza.

Kwa mkate?

Mzee Yohana hakuja kuuliza jibu. Alikuja kushukuru. Alinishika mikono yote miwili, machozi yanamtoka, akaniita "bibi-arusi wetu." Nikatabasamu! Kwa nini nilitabasamu? Nina hasira na meno yangu.

Neema ameniuliza kwenye gari kama tunahama. Nikamwambia hapana. Akasema, "Then why is everybody crying?" Nikawasha hita.

Jumatatu, 9 Novemba

Nimempigia dada yangu Riziki, Buffalo. Yeye ameolewa na mtu wa milimani, kama kina Samweli, ndiyo maana nilifikiri atajua. Alikuwa anatoka zamu, anatembea barabara ya Bailey kwenye baridi, anahema. Nikamwambia yote. Alicheka mpaka akasimama. Halafu akauliza kama niliukata, na swali hilo ndilo lililonitisha.

Sasa naandika nilivyoelewa. Kule milimani walikaa wamisionari wa Kiswidi. Akina mama waliowapikia walijifunza mkate wa duara, wakaupeleka majumbani. Waliuoka kwenye sufuria, makaa chini na makaa juu ya kifuniko, kwa siagi ya ng'ombe wao. Wamisionari wakaondoka, mkate ukabaki. Ukawa wao. Na katika vijiji vya akina mume wa Riziki ukawa na kazi yake: mwanamke akiposwa, kwao hawajibu kwa mdomo. Wakikataa, mjumbe anapewa maziwa anakwenda zake. Wakikubali, wanatuma mkate wa duara, mzima, bila kukatwa. Unafunikwa kitambaa, haumegwi mpaka hao wawili waushike pamoja mbele ya wazee. Ukishamegwa, imekwisha. Umeolewa, bado karamu tu.

"Dada, umejiposesha kwa hamira," Riziki amesema.

Sijacheka. Ninamwonea aibu mtu ambaye hajanikosea. Kama ningeukata ule mkate! Kisu kimoja tu.

Jumatano, 11 Novemba

Nimemsimulia Bibi Ingrid. Amecheka mpaka nikamletea maji. Anasema kwao mkate huo ni mkate, unaunywea kahawa, hauozi mtu. Baadaye akaniuliza kama wale wanawake walitia iliki. Nikasema sijui, nitauliza. Akasema kama walitia, basi ni uleule.

Kwa hiyo mkate ni wa Waswidi, desturi ni ya milimani, kosa ni la ziwani. Nani wa kumlalamikia?

Mzee Yohana amepiga simu mara mbili. Sikupokea. Siwezi kumwambia yeye, naona. Akipeleka yeye hiyo hapana sasa, itasemwa kwamba nilimchezea Samweli mbele ya ukoo wote. Wataniita mwanamke anayeposwa kwa mzaha. Na yeye atakuwa mwanaume aliyechekwa. Nitakwenda mwenyewe. Jumamosi, kwa basi; Samweli nimemwandikia tu kwamba naja. Neema atabaki kwa Mama Shukuru.

Naogopa. Na kuna kitu kingine chini ya woga na sikijui jina.

Jumamosi, 14 Novemba, usiku, nyumbani

Louisville na kurudi. Nimechoka lakini nisipoandika sitalala.

Nilijua nitakachosema. Nilikirudia ndani ya basi mpaka jirani yangu akahama kiti. Nilipofika, mlango ulifunguliwa na mama mzazi wa Samweli, Bibi Rakeli, mdogo, amejifunga kitenge kipya. Hakunisalimia kwanza. Alishika vidole vyangu akavitazama, kimoja kimoja, kama anatafuta unga. Akasema hajaona duara tangu wakimbie milimani. Walipokuwa kambini hakukuwa na siagi wala tanuri, mabinti zake wote waliolewa "kavu." Alitumia neno hilo. Kavu.

Ningesemaje?

Mkate wangu ulikuwa juu ya kabati, umefunikwa kitambaa cheupe kilichodariziwa. Walikuwa wameuweka kwenye friza wiki nzima, asubuhi wakautoa. Walikuwepo wazee wawili na mke wa kaka yake. Chakula kikaisha. Bibi Rakeli akaushusha, akaufunua. Ncha zangu zilikuwa hazijaachana. Akauweka mbele yangu na mbele ya Samweli na kutuambia tushike.

Mikono yangu ilikuwa mapajani. Haikwenda. Niliiambia iende, nikaiambia isiende, na yenyewe ikakaa. Nilisikia friji inavyonguruma.

Samweli ndiye aliyesema, kwa Kiswahili cha kwao kilichochanganyika na Kifaransa. "Hapana leo, mama. Muzee Yohana haiko hapa. Yeye ndiye alitumwa. Atasikia vibaya." Wazee wakatikisa vichwa, wakasema kweli, kweli. Bibi Rakeli akafunika. Nikamtazama Samweli na yeye akatazama sahani yake. Hapo nikajua kwamba anajua.

Alinipeleka kituo cha basi kwa gari. Nikamwambia. Nilitoa maneno ovyo, kuku wa mama yangu, hita, Bibi Ingrid, kisu. Nilimwambia nilitaka kusema hapana kwa utamu. Aliendesha polepole, hata watu wakampigia honi.

"Nilikuwa najua," alisema. "Wewe si mutu wa kwetu, ungejua wapi? Bon. Niliona mama anacheza, nikasema nimuache afurahi kidogo. Na miye nilifurahi kidogo."

Niliomba msamaha. Akasema hakuna kesi. Akasema wakiambiwa kwamba nimekataa baada ya kutuma duara, jina langu litaoza kutoka Louisville mpaka Buffalo, nitakutana nalo kila kanisa. "Donc, nitawaambia ni miye nimeacha. Miye ni mwanaume, wataninuna mwezi moja, itaisha. Weye bakia na jina yako."

Nilikubali. Nilikubali haraka sana. Nikapanda basi, nikalia mpaka Cincinnati, na sijui nilikuwa namlilia nani.

Alhamisi, 19 Novemba

Habari imefika. Mzee Yohana amekuja na kofia mkononi kuniomba radhi kwa niaba ya ukoo. Radhi! Mimi! Hakuweza kunitazama. Amesema mpwa wake amewavua nguo, amerudisha duara la mwanamke, kitu ambacho kwao hakijawahi kufanyika, na mama yake hasemi naye. Amesema wao wamenikosea na Mungu anaona.

Nilimpa chai. Nikasema si neno. Mlango ulipofungwa nilijiegemeza hapo hapo.

Nilitaka awe huru na mimi niwe huru. Mbona naona nimefungwa zaidi? Usiku sasa kitanda ni kikubwa. Nalala pembeni, sijui kwa nini. Nimemkataa mtu, na mimi ndiye naona nimeachwa. Upumbavu gani huu?

Nimejaribu kuoka vile vimkate vya pete vya Bibi Ingrid, vya kunywea kahawa. Nimesahau chumvi. Mara hii Neema hakusema ni vizuri.

Jumapili, 22 Novemba

Baada ya ibada akina mama wamekuja kunipa pole. Wamejaa sebuleni mpaka kwenye mkono wa kochi. Fufu, samaki, Mama Shukuru na sufuria yake kubwa ya sombe, majani ya muhogo ya kutwanga. Wameomba, wameimba. Halafu wakaanza.

Samweli hana haya. Samweli ni nusu mwanaume. Mke wake wa kwanza alikufa kwa huzuni, nani anajua. Mama Shukuru akasema mtu wa hivyo hata mbwa wake asimwamini. Walikuwa wananipenda, naelewa, kila tusi lilikuwa zawadi. Nilikaa na sahani mapajani na kila tusi nikalimeza na fufu. Halafu mmoja akasema hata huyo mama yake anayegoma kula, na aendelee kugoma, ndiye aliyemzaa.

Sikujua kwamba Bibi Rakeli hali chakula.

Nikaweka sahani chini. Nikasema, "Msimtukane. Ni mimi niliyekataa. Yeye amenifichia."

Walifikiri huzuni imenipanda kichwani. Nikasema tena, polepole, na nikaeleza mkate. Wakaanza kutafuta mikoba. Mama Shukuru alisimama, akafunika sufuria yake ya sombe, akaondoka nayo. Ilikuwa bado imejaa.

Neema alitoka chumbani akakusanya vikombe bila kuambiwa. Alisikia yote. Akaniuliza, kwa Kiswahili, ambacho hanipi siku hizi: "Sasa watatuchukia?" Nikamwambia labda. Akaosha, nikafuta.

Jua lilikuwa bado halijazama nilipompigia Samweli. Mimi mwenyewe, si kwa mjumbe. Nilimwambia nimeshasema ukweli huku, na Mzee Yohana atausikia kabla ya kesho, basi amwambie mama yake leo. Hakukata simu, na mimi sikukata.

Sikumwambia ndiyo, wala hapana. Nilimuuliza kama amekula.

Akasema bado.

Nikamwambia apike kitu, ampelekee na mama, nitasubiri kwenye simu. Nikasikia anafungua maji.