Stesheni Masta Aliyekonda

Mjomba,

Shikamoo. Sisi hatujambo, ila paa la jikoni bado linavuja.

Jana tulikuwa tunatazama ile tamthilia ya enzi za babu zetu, mama akipiga pasi. Mara akatokea stesheni masta mwenye masharubu ya bandia. Akapuliza filimbi, akapunga bendera, basi, kapotea. Nikapiga kelele, "Mjomba huyo!" Mwigizaji maarufu kama wewe, nao wamekuonyesha kufumba na kufumbua!

Mama, ambaye tangu mgombane miaka tisa iliyopita hataki jina lako litajwe, akaiweka pasi chini. Hakucheka.

"Koti limemmeza," akasema. "Ndugu yangu anaumwa, na hana wa kumpa hata maji."

Nikamwambia tukupigie simu kwanza. Akakataa katakata. "Atasema hajambo. Kuigiza si ndiyo kazi yake?"

Kwa hiyo barua hii ikikufikia, tuko njiani. Tiketi tumeshakata. Ukimfungia mlango, atakaa hapo kibarazani mpaka umfungulie. Unamjua dada yako.

Ni mimi mpwa wako, niliyerithi kichwa chake kigumu.