Mwewe Aliyekufa Kwenye Maharagwe

Mpendwa mshauri Gaudencia,

Nisaidie, kwa maana jambo hili siwezi kulipeleka kanisani wala kwa majirani. Mimi ni mke wa mkulima hapa Tetu, na mume wangu Theuri hajakuwa mtu wa maneno tangu mwaka juzi, 1972, mtoto wetu wa pekee wa kiume, Ngatia, alipopinduka na lori la kahawa karibu na Murang'a, mzee akatoka mazishini akanyamaza, ukimpa chai anakunywa, ukimwambia ng'ombe ameingia kwenye mahindi anaenda kumtoa, lakini neno hakuna, hata padri alikuja akaondoka bila kujibiwa.

Halafu mwaka huu, baada ya mvua ndefu, kukaja mwewe mkubwa, akawa anatua juu ya mparachichi na kushuka kwenye mboga kukamata panya na njiwa, na mzee akaanza kutoa kiti nje kila asubuhi kumwangalia, na siku moja nikipalilia sukuma wiki nikasikia sauti yake, "Umeona vile amekunja mabawa?" nami nikashika jembe nikaogopa kugeuka asije akanyamaza tena. Tangu hapo alikuwa akinisimulia kila kitu alichofanya huyo ndege, na jioni moja akataja jina la Ngatia.

Lakini mwewe alikuwa anachukua pia vifaranga vya Kabura, mjane wa Ngatia, ambaye tunaishi naye pamoja na mtoto wake. Alinilalamikia, "Mama, mimi niko na kuku hao tu," nikamwambia avumilie kwa ajili ya baba. Juma lililopita akapaka kifaranga aliyekufa dawa ya kupe, akamwacha kwenye maharagwe. Mimi ndiye niliyemkuta mwewe amelala hapo, mabawa wazi. Nilipomuuliza Kabura hakukataa. Alisema, "Ngatia alikuwa mume wangu, na baba hajaniambia hata pole. Anaongea juu ya ndege."

Nilimzika huyo ndege kabla mzee hajaamka. Sasa anaketi nje kutwa nzima akiniuliza, "Amekuja?" nami namjibu ati labda ameenda upande wa mlima, atarudi. Jana hakuuliza tena. Nikisema ukweli naogopa atamfukuza Kabura na mjukuu wetu, na nikinyamaza naona anarudi kule alikokuwa. Nifanye nini?

Warigia, Tetu

Mama Warigia,

Pole kwa kumpoteza Ngatia. Wewe pia ulimzika mwanao, na katika barua yote hukuandika neno moja juu ya machozi yako mwenyewe.

Lakini umekosea. Ulimwona Kabura akipoteza vifaranga vyake, ukamwambia avumilie. Banda la kuku halihitaji fundi wa kutoka Nyeri mjini. Mngepata fito na wavu wa waya, mngemaliza kabla ya chakula cha mchana, mwewe angeendelea na panya wake na mzee angeendelea kuongea. Kabura naye alifanya vibaya sana. Dawa ile ingeweza kumuua mbwa, au mtoto wake mwenyewe akicheza pale. Mwambie hivyo waziwazi. Ng'oeni maharagwe ya sehemu hiyo, myafukie mbali na maji, na dawa iliyobaki ifungiwe mahali mtoto hafiki.

Kuhusu mzee, usimdanganye siku nyingine. Unamtunza kama mtu asiyeweza kubeba habari mbaya, na yeye alibeba jeneza la mwanawe. Kesho akitoka nje, nendeni mkaketi naye, wewe na Kabura. Wewe ndiye uanze: mwewe amekufa, alikula sumu, nami nilimzika nikakuficha. Kisha Kabura aseme alichofanya, na aseme pia yale aliyokuambia juu ya pole ambayo hakupewa. Usimkatize wala usimlainishie maneno. Mzee anahitaji kuyasikia hayo kuliko anavyohitaji ndege.

Anaweza kukasirika, na umwache akasirike. Anaweza kunyamaza, na mkae naye hata hivyo, msikimbilie jikoni. Lakini akisema Kabura aondoke, hapo simama umwambie kwamba haendi popote, kwamba hapo ni nyumbani kwa marehemu mume wake na kwa mtoto wao, na kama hakubali, wazee wa ukoo waitwe waketi. Mwambie hivyo hata sauti yako ikitetemeka.

Gaudencia